Stika za Mabaka kwenye Bunduki za Kuwindia: Gundi, Kutu na Macho ya Ndege

Bunduki iliyowekwa mezani kwangu Februari iliyopita ilikuwa ya marisau, ya kukoki kwa kuvuta, aina ya Remington 870, nayo ilikuwa imevishwa stika ya mabaka ya manyasi makavu kuanzia mdomo wa mtutu hadi mwisho wa kitako. Mwenyewe ni mzee wa hapa Missouri anayewinda bata kila majira ya baridi, na alichotaka ni kuvuliwa stika ya zamani, iliyokuwa imechakaa pembeni, ili avishiwe mpya. Nilipoinua ukingo wa stika pale mtutu unapokutana na kisanduku cha mitambo, iliachia kwa urahisi mno, na hiyo peke yake ilikuwa habari mbaya, kwa sababu gundi inayoachia bila kubembelezwa ni gundi ambayo kitu kingine kimekwisha kupenya kati yake na chuma. Chini yake palikuwa na kutu ya rangi ya ugoro, imetambaa kwa vijito vyembamba mfano wa mito kwenye ramani. Sentimita kumi kutoka hapo, chini ya stika ile ile, chuma kilikuwa cheusi na safi kana kwamba kilitoka kiwandani jana.

Mzee alilaumu stika. Ndugu yake aliyemsindikiza alilaumu bunduki. Wote wawili walikuwa wamekosea kidogo na kupatia kidogo, na makala haya yanajaribu kueleza ni wapi.

Niseme mapema kwamba mimi si mwindaji. Kazi yangu ni kubandika stika kwenye magari. Nilianza Dar es Salaam kwa bajaji na daladala, na huku naendelea kwa malori ya kusambazia bidhaa. Bunduki zilikuja zenyewe, wateja walipoanza kuulizana ni nani anayejua kulaza vinili, yaani stika ya plastiki, kwenye kona bila kuacha mapovu. Niligundua haraka kwamba wanaouliza kuhusu stika za bunduki huchanganya maswali matatu: mnyama anaona nini, gundi inashikaje, na chuma kilichofunikwa kinahitaji nini. Swali la kwanza ndilo linalouza stika, ilhali la tatu ndilo linaloamua kama mtu atajuta.

Tuanze na macho. Wateja wengi wa stika hizi ni wawindaji wa bata mzinga wa mwituni na wa bata wa majini, na si bila sababu. Mwanzoni mwa karne ya 20 bata mzinga wa mwituni walikuwa wamekaribia kutoweka katika sehemu kubwa ya Marekani; baada ya miongo mingi ya kuwakamata kwa nyavu na kuwahamishia misitu mingine, sasa wanahesabiwa kwa mamilioni, na uwindaji wao wa majira ya kuchipua umekuwa mchezo wa watu wengi. Mwindaji hukaa chini, huegemea mti, huweka bunduki juu ya goti na kuiga mlio wa jike hadi dume asogee ndani ya mita 35 hivi, ambao ndio umbali wa kawaida wa marisau. Katika umbali huo anatazamana na kiumbe mwenye aina nne za seli za kutambua rangi ndani ya jicho, wakati mwanadamu ana tatu, na mwenye macho yaliyokaa pande mbili za kichwa kiasi kwamba anaona takriban nyuzi 270 za mzunguko bila kugeuza shingo. Akigeuza kidogo tu, amemaliza duara zima. Wawindaji husema kwamba ndege huyu angekuwa na pua kama ya kulungu, hakuna ambaye angewahi kumpata.

Bata wa majini naye ana macho ya aina hiyo hiyo, ila yeye hutazama kutoka juu. Anapozunguka juu ya kinamasi kabla ya kutua, bunduki iliyolazwa mapajani inaonekana kwake yote kwa urefu, na kama ina kitako cha mbao kilichopakwa vanishi ya kung'aa au mtutu uliosuguliwa hadi ukawa kioo, jua la asubuhi hurushwa juu kama ishara ya kioo. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nacho ni cha kukatisha tamaa kwa wanaouza michoro ya majani: kinachomshtua ndege kwanza ni mwondoko, na cha pili ni mng'ao. Kwamba jani lililochapishwa kwenye stika ni la mwaloni au la tete huja nyuma sana. Stika yenye uso mkavu, usiong'aa, hufanya zaidi ya nusu ya kazi hata kama imechapishwa rangi moja ya tope. Na stika yenye picha nzuri ya msitu lakini iliyofunikwa kwa tabaka la kung'aa ni afadhali isingebandikwa kabisa. Ukitaka kujua uliyo nayo ni ipi, itoe nje saa mbili asubuhi na uigeuzegeuze juani. Ukiona ukanda mweupe wa mwanga ukikimbia juu ya mtutu, hata bata atauona.

Kwa kulungu wa mkia mweupe hesabu ni nyingine. Yeye ana aina mbili tu za seli za rangi, jambo lililopimwa na watafiti katika Chuo Kikuu cha Georgia mapema miaka ya 1990, na kwa macho yake rangi ya machungwa na nyekundu hazitofautiani sana na kijani au kahawia, ilhali buluu anaiona vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Ndiyo maana majimbo mengi, Missouri ikiwemo, huweza kumlazimisha mwindaji wa kulungu avae kofia na fulana ya rangi ya machungwa inayowaka wakati wa msimu wa bunduki, ili wenzake wasimpige, bila kumharibia mawindo. Hutokea basi kichekesho ambacho nimekiona mara kadhaa: mtu amevaa fulana inayoonekana kutoka mtaa wa pili, huku mkononi ana bunduki iliyofichwa kwa stika ya gharama kubwa. Haina madhara, lakini pia haina faida yoyote machoni pa kulungu.

Michoro yenyewe ina historia fupi. Hadi miaka ya 1970 mwindaji aliyetaka mabaka alinunua nguo kuukuu za jeshi. Mwaka 1980 Jim Crumley wa Virginia alianza kuuza mchoro wake wa magome ya mti, Trebark, na mwaka 1986 wakafuata Bill Jordan wa Georgia na Realtree yake, pamoja na Toxey Haas wa Mississippi, aliyepeleka kwa watengenezaji wa vitambaa mfuko wa udongo, majani na vijiti alivyookota msituni ili wamchapishie kitu kinachofanana navyo. Hao ndio walioifanya picha ya msitu kuwa bidhaa, na kutoka kwenye nguo ikahamia kwenye buti, magari na hatimaye bunduki.

Sasa, watu wanaposema stika ya bunduki, huwa wanazungumzia vitu visivyofanana. Kuna tepu ya kitambaa yenye gundi, ambayo ndiyo ya zamani na rahisi. Kuna bandeji ya kunata yenyewe kwa yenyewe, sawa na ile ya kufunga kifundo cha mguu cha mchezaji, ambayo haishiki chuma bali hujishika yenyewe. Na kuna vinili, yaani utando wa plastiki wenye gundi nyuma, picha katikati na tabaka la kinga juu. Kuna pia njia ya nne ambayo si stika kabisa ingawa kwa macho inafanana nayo: bunduki nyingi zinazotoka kiwandani zikiwa na mabaka huchovywa. Picha huchapishwa kwenye utando unaoyeyuka, utando hulazwa juu ya maji, wino hubaki ukielea, na kipande cha bunduki hushushwa polepole ndani ya maji hayo hadi wino ukikumbatie, kisha hupuliziwa rangi ya kinga isiyo na rangi. Hiyo haivuliwi. Aliyenunua bunduki iliyochovywa amenunua mabaka ya maisha, na siku ya kuiuza atapata wanunuzi wale tu wanaopenda mabaka hayo.

Tepu ya kitambaa siipendi, na nitasema kwa nini nikifika kwenye kutu. Bandeji inafaa kuliko sifa inazopewa: inafungwa asubuhi, inafunguliwa jioni, inaanikwa, na bunduki inafutwa mafuta kama kawaida. Kasoro yake ni kwamba huongeza unene mkononi na hunasa vijiti na mbegu za majani. Vinili ndiyo inayohitaji maelezo marefu, kwa sababu ndiyo inayokaa miezi na miaka.

Vinili ziko za aina mbili, na tofauti yake haionekani dukani. Ya kwanza hutengenezwa kwa kukandamizwa kati ya rola za moto hadi iwe nyembamba, kama chapati inavyosukumwa. Ya pili humiminwa ikiwa kimiminika na kuachwa ikauke. Ile iliyosukumwa ilivutwa kwa nguvu, nayo hubaki na tamaa ya kurudi ilikotoka, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa za jua na baridi huanza kusinyaa, ikaacha ukanda wa gundi nje ya ukingo na kufumuka kwenye mashimo. Ile iliyomiminwa haina kumbukumbu hiyo, ni nyembamba zaidi, ina unene wa takriban mikroni 50 kabla ya tabaka la kinga, na hukubali kulala kwenye mviringo. Kwenye ubavu wa lori ulio bapa unaweza kutumia ya kwanza na mteja asijue. Kwenye bunduki, ambayo karibu haina hata sehemu moja iliyo bapa, ya kwanza ni hasara ya uhakika.

Gundi ya nyuma ni ya kukandamizwa. Haikauki kama gundi ya mbao wala haishiki kwa kemikali mbili kuchanganyika. Hushika kwa kutambaa na kuingia kwenye vinyweleo vidogo vya uso, na kwa kuwa kutambaa huchukua muda, stika iliyobandikwa leo ina nguvu ndogo kuliko itakavyokuwa nayo kesho kutwa. Mambo matatu huizuia: baridi, ambapo chini ya nyuzi 10 za Selsiasi gundi nyingi za namna hii huwa ngumu na haziwezi kutambaa; vumbi; na mafuta. Bunduki iliyotunzwa vizuri ni chuma kilichopakwa mafuta kwa miaka, na mafuta hayo hayako juu tu, yamo kwenye kila kiungo na kila tundu la skrubu. Ndiyo sababu mtu hubandika stika jioni, akaridhika, kisha asubuhi akaikuta imeinuka kwenye kingo: usiku kucha mafuta yamekuwa yakitoka kwenye viungo na kutambaa chini yake.

Kwa hiyo kusafisha ndiyo kazi yenyewe, kubandika ni kumalizia. Chuma hufutwa kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi, mara mbili au tatu, kisha kikaachwa saa nzima mahali penye joto ili mafuta yaliyojificha yajitokeze, halafu kikafutwa tena. Kwenye mbao inabidi kuuliza kwanza ilipakwa nini. Kitako cha zamani kilichopakwa sheleki kitayeyuka kwa spiriti hiyo hiyo mbele ya macho yako, na kile kilichopakwa mafuta ya kitani hakitashika gundi hata ufanyeje. Kwenye plastiki, spiriti haina neno. Asetoni ndiyo isiyofaa, kwa kuwa hula aina nyingi za plastiki na vanishi, ingawa mafundi wa haraka huipenda.

Turudi kwenye kutu ya mzee. Weusi wa mtutu si rangi iliyopakwa. Ni chuma chenyewe kilichogeuzwa kwa kemikali kuwa tabaka jembamba la oksidi nyeusi, na tabaka hilo kazi yake kubwa ni kushika mafuta. Likisafishwa kwa spiriti ili stika ikae, limevuliwa silaha yake pekee. Kuanzia hapo kinachokinga chuma ni stika, na inakikinga vizuri kabisa mahali iliposhika sawasawa, ndiyo maana sehemu kubwa ya mtutu ule ilikuwa safi. Tatizo ni kingo. Vinili nyingi za kisasa zina mifereji midogo sana nyuma ya gundi ya kutolea hewa, uvumbuzi uliotupunguzia mapovu sisi mafundi. Lakini mfereji unaotoa hewa, usipokandamizwa hadi ufunge, huingiza maji. Maji yakishaingia hayana njia ya kutoka. Jua haliyafikii, upepo hauyafikii, na mwenye bunduki anayefuta bunduki yake kila jioni kwa uaminifu anafuta juu ya plastiki.

Hebu fikiria siku moja ya mwindaji wa bata. Bunduki imekaa saa tano kwenye baridi ya chini ya sifuri, imenyunyiziwa maji ya kinamasi na kushikwa kwa mikono yenye jasho, kisha inaingizwa ndani ya nyumba yenye joto. Chuma baridi kikikutana na hewa ya joto hutoa umande, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na umande huo hauchagui sehemu. Hutokea pia kwenye kila pengo ambalo stika haikushika. Chumvi ya jasho huharakisha yaliyobaki. Tepu ya kitambaa hufanya kibaya zaidi, kwa maana pamba hunyonya maji na kuyashikilia juu ya chuma kama kitambaa cha maji kwenye paji la uso la mgonjwa, na gundi yake ikizeeka hugeuka ulimbo. Nimewahi kuona mtutu uliofungwa tepu hiyo kwa msimu mmoja tu ukiwa na vishimo ambavyo hakuna msasa ungeweza kuviondoa. Anayewinda kwenye maji ya chumvi, pwani ya Louisiana au Texas, asiifikirie kabisa kwa chuma cheusi.

Si bunduki zote zilizo kwenye hatari sawa. Mossberg 500, ambayo ni mshindani mkuu wa 870 katika bei na idadi, ina kisanduku cha mitambo cha aluminiamu, na hapo kutu hii nyekundu haipo. Mtutu wake ni wa chuma kama kawaida. Kitako cha plastiki hakina hofu yoyote. Hili pekee linatosha kumfanya mtu afikirie kubandika baadhi ya sehemu na kuacha nyingine, jambo ambalo wauzaji wa pakiti kamili hawalitaji sana.

Kazi ya kubandika yenyewe huanza kwa kuthibitisha kwamba bunduki haina risasi, kwenye chemba na kwenye bomba la risasi, kwa macho na kwa kidole, na mimi humtaka mwenyewe afanye hivyo mbele yangu kabla sijaigusa, kisha nami narudia. Baada ya hapo inafunguliwa. Kifuniko cha mbele cha bomba la risasi kinazungushwa, mtutu unachomoka, na bunduki inakuwa vipande vitatu vinne juu ya meza. Mtu anayebandika bunduki bila kuifungua anatengeneza gari lisilofunguka boneti: stika itavuka kiungo cha mtutu na kisanduku, itavuka kifuniko cha bomba, na mara ya kwanza mwenyewe atakapotaka kuisafisha ndani itambidi achague kati ya stika na usafi. Atachagua stika, kwa kuwa ameilipia. Kwenye bunduki ya mzee, mtambao wa kutu ulianzia hapo hapo: aliyembandikia alivuka kiungo, mzee akakata kwa kisu ili mtutu utoke, na mkato huo ukawa mdomo wa maji.

Hilo la kisu linastahili sentensi zaidi. Wembe unaopita juu ya stika iliyokwisha kulala juu ya chuma cheusi hupita pia kwenye tabaka la weusi, na mstari wake mweupe hauonekani hadi siku stika itakapovuliwa. Vipande hupimwa kwa karatasi ya kawaida, hukatwa juu ya meza, na kama lazima ukate mahali pake, kuna tepu nyembamba yenye uzi ndani yake ambayo hulazwa chini ya stika kwanza, kisha uzi huvutwa ukakata kutoka chini kwenda juu bila chuma kuguswa. Kwenye magari tunaitumia kila siku.

Joto la draya ya nywele hulainisha vinili ikakubali kona, na baada ya kulala, kingo na mabonde hupashwa tena hadi nyuzi 90 au 100 hivi ili utando usahau kwamba ulivutwa. Kwenye plastiki na mbao mkono lazima uwe mwepesi. Nacho kidole, si kipande cha plastiki, ndicho kinachomaliza kazi kwenye duara la mtutu, kwa kusugua kutoka katikati kwenda nje, polepole, ukisikiliza. Stika inayoshika huwa kimya, na yenye hewa chini yake hutoa sauti kavu ya karatasi.

Kuna sehemu zisizofunikwa kamwe. Sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, ni ya kwanza: kwenye 870 ni kitufe cha kusukuma nyuma ya kifyatulio, kwenye Mossberg 500 ni kibao cha kusogeza kwa dole gumba juu ya kisanduku, na vyote viwili lazima viende na kurudi bila kugusa ukingo wa stika, na ile rangi nyekundu inayoonya ibaki ikionekana. Zinafuata njia ya kuingizia risasi, dirisha la kutolea maganda, kifyatulio, na sehemu yote ya bomba ambayo kishikio cha mbele hupita juu yake kinapovutwa, kwani hata unene wa sehemu ya kumi ya milimita unatosha kufanya kishikio kikwame siku ya baridi. Baadhi ya bunduki zinazojikoki zenyewe kwa nguvu ya gesi zina matundu ya kupumulia karibu na kishikio. Hayo nayo huachwa wazi. Na maandishi ya ubavuni mwa mtutu, yanayotaja kipimo cha bunduki na urefu wa chemba, yana kazi zaidi ya urembo: ndiyo yanayomwambia mtu mwingine atakayeishika bunduki hiyo ni risasi gani zinazoingia humo.

Joto la mtutu wenyewe huulizwa sana. Mwindaji wa bata mzinga anayefyatua risasi moja au mbili kwa siku hana la kuhofia. Anayeipeleka bunduki hiyo hiyo kulenga visahani vya udongo, risasi 25 kwa raundi na raundi kadhaa kwa mchana mmoja, atapasha mtutu kiasi cha kulainisha gundi, na stika itaanza kuteleza upande wa chini anakoshika.

Kwa raifo za kulungu maelezo ni mafupi, maana kubandika huko kuna faida ndogo na mitego miwili. Mtutu wa raifo nyingi umeachwa ukielea, yaani kuna nafasi nyembamba kati yake na kitako ili utetemeke kwa uhuru risasi inapotoka. Stika au tepu inayoziba nafasi hiyo huhamisha mahali risasi inapopiga, na mwenyewe atalaumu darubini. Darubini nayo, ikibandikwa kabla ya kufungwa kwenye pete zake, pete hushika plastiki badala ya chuma na hulegea taratibu kwa kila mshindo. Kama lazima ibandikwe, ni baada ya kufungwa, na kati ya pete tu.

Upande wa sheria, namba ya silaha ndiyo ya kwanza. Marekani ililazimisha kila bunduki mpya inayotengenezwa kiwandani au kuagizwa kutoka nje iwe na namba kuanzia sheria ya mwaka 1968, na sheria ya shirikisho inakataza kumiliki bunduki ambayo namba yake imeondolewa, imefutwa au imebadilishwa. Kuifunika kwa stika si kuifuta, lakini sijawahi kuona faida ya kumweka askari wa wanyamapori katika hali ya kukwangua ili aisome. Mimi huacha dirisha dogo kwenye stika juu ya namba, na halimpunguzii mtu chochote machoni pa bata.

Kwa wasomaji wa nyumbani mambo ni tofauti tangu mwanzo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa michezo mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa vibali na katika maeneo maalumu chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na wageni wanaokuja kuwinda hushauriwa na wenyeji wao wavae kaki au kijani kisicho na mchoro, kwa sababu mabaka kwetu ni ya jeshi. Wengi watakumbuka mwaka 2023 JWTZ, jeshi la Tanzania, ilipowapa raia siku saba wasalimishe sare na nguo zinazofanana nazo. Stika yenye picha ya majani ya mwaloni si sare, lakini kwa askari wa doria anayeitazama kutoka mita 200 porini, bunduki ya mabaka si jambo la kuchekewa, na kulenga nyati au pofu, ambao kama kulungu hutegemea pua zaidi ya rangi, hakuhitaji kabisa urembo huo. Upepo ukiwa nyuma yako, hakuna stika itakayokusaidia.

Kuvua kuna adabu yake. Stika hupashwa joto hadi mkono uhisi, huinuliwa kwenye kona na kuvutwa ikijikunja yenyewe juu ya mgongo wake, taratibu, si kunyakuliwa kwenda juu. Vinili iliyomiminwa iliyokaa miaka miwili au mitatu huja karibu nzima. Iliyosahauliwa zaidi ya hapo huja vipande vipande, na gundi inayobaki hutolewa kwa mafuta mepesi ya kuondolea gundi, kisha spiriti, kisha, bila kuchelewa hata saa moja, mafuta ya bunduki.

Kwa mzee nilichukua siku nzima. Kutu ya juu ilitoka kwa mafuta na sufi laini ya chuma, vijito viwili vikabaki vimeng'ata, na hivyo havitatoka. Nilimwonyesha mpaka kati ya palipokuwa safi na palipooza, akaufuata kwa kidole hadi kwenye mkato wake mwenyewe wa kisu, akanyamaza. Stika mpya alikuwa ameinunua tayari. Tulibandika kitako na kishikio cha mbele, vyote viwili vya plastiki, na mtutu tukauacha mtupu, mweusi, na mafuta yake, ukiwa umesuguliwa kidogo uso wake usirushe jua. Kipande cha mtutu kilichobaki kwenye pakiti alikikunja akakitia mfukoni, akasema atakibandika kwenye chupa yake ya kahawa, ambayo kwa kweli ndiyo iliyokuwa iking'aa kuliko kitu chochote kwenye mtumbwi wake.